Jinsi ya Kulinganisha Wapokeaji Wawili wa NFL: Jefferson na Chase, Hatua kwa Hatua

Kila msimu wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ukikaribia, tunaletewa ulinganisho uleule. Mtu kaandika jina la Justin Jefferson upande mmoja, la Ja'Marr Chase upande wa pili, kapanga yadi na tachidauni chini ya kila jina, kisha katangaza mshindi. Ukimuuliza kwa nini huyo ndiye bora, anakurudisha kwenye zile namba. Huyo hajalinganisha ujuzi. Amelinganisha mavuno bila kuuliza mvua ilinyesha shamba la nani.

Simlaumu sana. Kamera ya televisheni humfuata kwotabeki, yule mrushaji wa pasi, na mpokeaji wa pembeni hutoka kwenye picha ndani ya sekunde moja au mbili. Unamwona tena mpira ukiwa tayari hewani. Kazi aliyoifanya kumtoroka beki, ambayo ndiyo ujuzi wenyewe, imekupita.

Mwongozo huu unamfaa mtu anayejua tayari sheria za msingi za futiboli ya Marekani: dauni nne, yadi kumi, eneo la mwisho. Nimetumia Jefferson wa Minnesota Vikings na Chase wa Cincinnati Bengals kwa sababu ndio ambao watu huwabishania zaidi, lakini hatua hizi zinafaa kwa wapokeaji wowote wawili.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Filamu ya makocha. Ni picha inayopigwa kutoka juu ambapo wachezaji wote 22 wanaonekana tangu mwanzo hadi mwisho. Inapatikana kwenye huduma za kulipia za ligi. Ukiikosa, tumia marudio ya mechi nzima, ila ujue hatua ya 5 na ya 6 zitakuwa na mapengo. Pengo liache wazi. Usilijaze kwa kubahatisha.

Takwimu. Tovuti ya Pro-Football-Reference inatosha, tena ni bure.

Daftari, au faili la jedwali. Safu sita: namba ya mkupuo, mwanzo, njia, mikono, baada ya kudaka, maelezo.

Mechi nne za kila mchezaji, na muda. Tenga saa moja na nusu kwa kila mechi. Usifanye kazi hii mechi ikiwa mubashara. Kwa sisi wa saa za Afrika Mashariki, mechi za mapema za Jumapili huanza saa 2 usiku, na kuanzia Novemba Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma huanza saa 3. Zile za usiku wa kwao zinatukuta alfajiri. Hakuna anayehesabu hatua za miguu ya mtu saa 10 alfajiri akapata hesabu sahihi.

Maneno mawili tuelewane. *Mkupuo* hapa ni kipande kimoja cha mchezo, tangu mpira unapoanzishwa hadi filimbi. *Kulengwa* ni kurushiwa pasi, iwe umeidaka au hukuidaka.

## Hatua ya 1: Andika swali lenye mipaka

"Nani bora?" si swali la kupimika. Andika swali ambalo jibu lake linaweza kukukatalia. Kwa mfano: "Dauni ya tatu, zimebaki yadi 8, beki anamkaba mtu kwa mtu. Ningemtaka nani?" Au: "Nani anageuza pasi fupi kuwa tachidauni mara nyingi zaidi?"

Andika pia mwisho wa kipindi unachopima. Mimi natumia misimu hadi mwisho wa 2024. Usipoweka mpaka, kila Jumatatu utabadilisha hukumu kwa sababu mmoja alicheza vizuri jana.

## Hatua ya 2: Pima namba kwa kibaba kimoja

Namba tunazihitaji, lakini si zile za jumla. Jefferson aliingia ligi 2020, Chase 2021. Ukijumlisha yadi zao, unampa Jefferson msimu mzima wa bure.

Hadi mwisho wa msimu wa 2024 Jefferson alikuwa na mechi 77 za msimu wa kawaida, pasi 495, yadi 7,432 na tachidauni 40. Chase alikuwa na mechi 62, pasi 395, yadi 5,425 na tachidauni 46. Sasa gawanya kwa mechi. Jefferson: yadi 96.5. Chase: yadi 87.5. Tachidauni zinageuka upande wa pili: Chase 0.74 kwa mechi, Jefferson 0.52.

Tayari picha imebadilika. Hatuna mshindi, tuna watu wawili wenye tabia tofauti.

Kisha gawanya yadi kwa idadi ya kulengwa. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vya kwenye karatasi, kwa sababu kinamhesabia mpokeaji hata pasi zilizopotea. Chukua misimu yao mikubwa:

- Jefferson 2022: alilengwa mara 184, akadaka 128, yadi 1,809. Yaani yadi 9.8 kila alipolengwa.
- Chase 2024: alilengwa mara 175, akadaka 127, yadi 1,708. Yadi 9.8 vilevile.
- Chase 2021, msimu wake wa kwanza: alilengwa mara 128, akadaka 81, yadi 1,455. Yadi 11.4.
- Jefferson 2024: alilengwa mara 154, akadaka 103, yadi 1,533. Yadi 10.

Angalia misimu miwili ya juu. Jefferson alitoka na tuzo ya Mchezaji Bora wa Mashambulizi, Chase akaongoza ligi kwa pasi, yadi na tachidauni kwa pamoja, lakini kila mpira ulioelekezwa kwao ulizaa karibu sawa kabisa. Mtu aliyekuambia mmoja wao amemwacha mwenzake mbali hakugawanya.

Onyo. Usizipe tachidauni uzito mkubwa hapa. Jefferson wa 2022 aliongoza ligi kwa yadi akiwa na tachidauni 8 tu. Chase wa 2024 alikuwa na 17. Mengi ya hayo huamuliwa karibu na mstari wa mwisho, pale kocha anapochagua kukimbia na mpira au kurusha.

Onyo jingine. Usilinganishe mbio zao za yadi 40. Jefferson alipimwa sekunde 4.43 kwenye majaribio ya ligi kule Indianapolis mwaka 2020. Mwaka uliofuata majaribio hayo ya uwanjani yalifutwa kwa sababu ya korona, Chase akakimbilia chuoni kwake. Saa mbili tofauti, sakafu mbili tofauti.

Umefanikiwa ukiona namba zako zimekuachia maswali badala ya majibu. Zangu ziliniachia moja: kama thamani ya kila mpira ni ileile, kila mmoja anaipata kwa njia gani?

## Hatua ya 3: Ondoa mkono wa mrushaji na wa kocha

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo ulinganisho wote huharibika.

Namba za mpokeaji hutengenezwa na watu watatu: anayerusha, anayepanga na anayedaka. Unachotaka kukipima ni cha yule wa tatu. Kwa hiyo chora jedwali dogo: msimu, aliyerusha, kocha, mpokeaji mwenza, alisimama wapi.

Kwa upande wa mrushaji, Chase ana bahati ambayo wachache wanayo. Joe Burrow wa Cincinnati ndiye aliyekuwa akimrushia chuoni Louisiana State mwaka 2019, timu ile iliyomaliza na ushindi 15 bila kufungwa. Walikuja kwenye ligi wameshazoeana. Jefferson naye alikuwa kwenye timu hiyohiyo ya chuo, kisha akaenda kwa Kirk Cousins. Desemba 2023 aliporudi kutoka kwenye jeraha la msuli wa paja, Cousins alikuwa ameshakatika kano ya kisigino, ikabidi apokee kutoka kwa Joshua Dobbs na baadaye Nick Mullens. Mwaka 2024 akaja Sam Darnold. Pamoja na hayo yote, msimu ule wa 2023 uliovunjikavunjika ulimpa mechi 10 na wastani wa yadi 107.4, mkubwa kuliko hata wa 2022. Mimi nauona mstari huo wa takwimu kuwa na maana kuliko tuzo yake.

Lakini usiharakishe kumhukumu Chase kuwa ni zao la Burrow. Hiyo tutaipima kwenye hatua ya 4, kwa sababu Burrow naye aliumia.

Kwa upande wa kocha, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Zac Taylor wa Bengals na Kevin O'Connell, aliyechukua Vikings 2022, wote wawili walipitia benchi la kocha mkuu Sean McVay kule Los Angeles Rams. Kwa hiyo mengi ya mipango yao yanafanana mzizi.

Mahali anaposimama ndipo pa kuangalia sana. Chuoni 2019 Jefferson alicheza karibu muda wote nafasi ya ndani, kati ya mpokeaji wa pembeni na mstari wa washambuliaji, ambako ni nadra kubanwa tangu mwanzo. Chase alicheza nje, akibanwa. Wachambuzi wakahitimisha kwamba Jefferson hawezi kucheza nje. Siku ya uteuzi mwaka 2020, timu zinapochagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, wapokeaji wanne walichaguliwa kabla yake, akaanguka hadi nafasi ya 22. Minnesota walimpeleka nje, akapata yadi 1,400 msimu wa kwanza. Walichokiita upungufu wa ujuzi kilikuwa kazi tu aliyopewa na kocha.

Kwa hiyo kila ukiandika "hawezi", jiulize kama uliwahi kumwona akijaribu.

## Hatua ya 4: Chagua mechi kwa haki

Usianze na mechi unazozikumbuka. Unazikumbuka kwa sababu zilikuwa za ajabu. Chase ana ile ya Januari 2, 2022 dhidi ya Kansas City Chiefs, yadi 266 na tachidauni 3, na ile ya Novemba 7, 2024 dhidi ya Baltimore Ravens, yadi 264 na tachidauni 3 nyingine. Jefferson ana ya Buffalo, Novemba 13, 2022, yadi 193. Zitazame kwa raha zako, lakini si kwa daftari.

Chagua hivi kwa kila mchezaji: mechi moja timu yake ilishinda kwa tofauti ndogo, moja iliyopoteza kwa tofauti ndogo, moja aliyopata yadi chini ya 60, na moja ambayo wote wawili walikuwa uwanjani.

Hiyo ya mwisho ni dhahabu. Vikings na Bengals walikutana Septemba 12, 2021, siku ya kwanza kabisa ya Chase kwenye ligi, na tena Desemba 16, 2023. Kwa mchezo wa majaliwa, zote mbili ziliisha Bengals 27, Vikings 24 kwenye muda wa nyongeza. Ukiweza kupata moja tu, chukua ya 2023: Burrow alikuwa nje na jeraha la kifundo cha mkono, Jake Browning akirusha upande huu, Mullens akirusha upande ule. Makwotabeki wote wawili wa akiba, uwanja mmoja, mchana mmoja. Ulinganisho wa haki kama huo hutaupata kila siku. Ila kumbuka Chase aliumia bega kwenye mechi hiyo, basi tazama mikupuo yake ya kabla ya jeraha.

Walikutana tena Septemba 2025, Vikings wakashinda 48 kwa 10. Hiyo iache. Mechi ikishaharibika hivyo, wanaoongoza hawana haja ya kurusha, na mabeki hulegeza mkabo ili mradi saa itembee. Utaandika namba za kweli kuhusu mchezo ambao si wa kweli.

## Hatua ya 5: Tazama yadi tano za kwanza

Sheria za NFL humruhusu beki kumgusa na kumsukuma mpokeaji ndani ya yadi tano za mwanzo tu. Baada ya hapo ni faulo. Ndani ya hizo yadi tano, mpira ukiwa bado kwa kwotabeki, nusu ya vita huisha.

Simamisha picha mpira unapoanzishwa. Beki amesimama wapi? Akiwa pua kwa pua, huo ni mkupuo wa kuhesabu. Akiwa amerudi nyuma yadi saba, upite. Hapo hakuna mtihani.

Kisha achilia picha polepole na utoe alama. 2 ni kama mpokeaji amepita bila kifua chake kuguswa au ameguswa bila kupoteza mwendo. 1 ni kama amepita lakini amechelewa. 0 ni kama amesukumwa nje ya njia yake au kusimamishwa.

Tazama *jinsi* anavyopita, maana hapa wawili hawa wanaachana. Jefferson ana sentimita 185 na kilo 88, mwembamba kwa kazi hii. Hapendi kukamatana. Hupiga chenga kwa miguu: hatua fupi, bega linaenda kushoto, nyonga inabaki, beki anarusha mikono kwenye hewa. Chase ni mfupi kidogo, sentimita 183, lakini ana kilo 91, na anautaka mguso. Huupiga mkono wa beki chini, humpitia ubavuni kama mtu anayepita kwenye mlango wa daladala iliyojaa.

Njia zote mbili zinastahili 2. Usimpunguzie mtu alama kwa sababu mtindo wake haukupendezi. Nimewahi kufanya hivyo: ukurasa mzima wa Chase nilimpa 1 kwa sababu "hakuna ufundi, ni nguvu tu". Niliporudia kutazama nikaona mikono yake inafika kabla ya ya beki kila mara. Huo ni ufundi, ila umevaa koti la nguvu.

Utajua umeshika hatua hii ukiweza kubashiri, kabla ya kuachilia picha, beki atapitwa upande gani, na ukapatia mara nyingi kuliko kukosea.

## Hatua ya 6: Fuata njia hadi inapovunjika

Kila mpokeaji hukimbia njia aliyopangiwa: ya mshazari kuelekea katikati, ya kukata nje, ya kwenda na kugeuka kumtazama mrushaji, ya mbio za moja kwa moja, na nyinginezo. Ujuzi uko mahali pa kuvunjika, pale anapobadili mwelekeo.

Pima vitu viwili. Kwanza, hesabu hatua anazochukua kupunguza mwendo kabla ya kugeuka. Mpokeaji wa kawaida huchukua nyingi, na kila moja ni barua kwa beki. Pili, kabla ya kugeuka, je, mwili wake ulimdanganya beki? Tazama kichwa na mabega. Miguu hutazamwa na kila mtu.

Kwa Jefferson utakaa hapa muda mrefu, na inastahili. Ana zawadi ya kubadili kasi katikati ya njia bila kubadili umbo. Anakimbia kwa robo tatu ya nguvu, beki anapumua, halafu gia inaingia. Kwenye njia ndefu za kukata ndani na zile za kuelekea kona ya uwanja, mara nyingi beki huwa ameshageuza nyonga upande usio sahihi kabla mpira haujarushwa. Kwenye daftari langu hii ndiyo safu aliyomshinda Chase waziwazi.

Chase hana njia mbaya. Ila njia zake bora ni zile zenye ukweli mmoja: mshazari mfupi, na mbio za moja kwa moja pembeni, ambako huweza kuusubiri mpira hadi sekunde ya mwisho bila kuinua mikono mapema na kumstua beki.

Onyo. Dhidi ya timu inayokaba eneo badala ya mtu, njia nzuri inaweza kuonekana mbovu: mpokeaji hupunguza mwendo makusudi na kukaa kwenye tundu. Kabla ya kutoa 0, tazama mabeki wanamtazama nani. Wakimtazama kwotabeki, wanakaba eneo, na mpokeaji huenda anafanya sawasawa.

## Hatua ya 7: Mikono

Tenganisha aina tatu za mpira: uliofika mahali pazuri, uliofika vibaya, na wa kugombania. Mpokeaji asifiwe kwa aina mbili za mwisho na alaumiwe kwa ya kwanza tu. Wengi hufanya kinyume, humlaumu kwa kila mpira ulioanguka chini.

Mfano wa wa kugombania: Buffalo, 2022, robo ya nne, Vikings nyuma 27 kwa 23, dauni ya nne na yadi 18 zimebaki. Jefferson aliruka na mkono mmoja akaupokonya mpira uliokuwa umeshafika mikononi mwa beki Cam Lewis. Ni mkupuo mmoja, na nimekwambia usiutie kwenye daftari, lakini utazame ili ujue alama ya juu kabisa inafananaje.

Kumbuka pia kwamba NFL hutaka miguu yote miwili iguse ndani ya mstari. Chuoni mmoja unatosha. Karibu na mstari, tazama vidole vya miguu kabla ya mikono.

Na usimhukumu mtu kwa wiki tatu. Agosti 2021 Chase aliangusha mipira kwenye mechi za maandalizi, akaeleza kwamba mpira wa NFL ni mkubwa zaidi na hauna michirizi myeupe kama ule wa chuo. Watu walimcheka. Msimu huohuo alichukua tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa mashambulizi.

## Hatua ya 8: Baada ya kudaka

Anza kuhesabu mahali alipodakia hadi alipoangushwa, kisha andika jambo la pili ambalo takwimu za kawaida hazikupi: je, beki wa kwanza kumfikia alimwangusha? Ndiyo au hapana. Basi.

Hapa zamu ni ya Chase. Ile mechi ya Chiefs ilikuwa na tachidauni za yadi 72 na 69. Ukitazama nyingine nyingi za kawaida utaona sura hiyohiyo kwa udogo: anadaka, anageuka ndani ya hatua moja, wa kwanza anabaki ameshika hewa. Kwa kilo zake 91, hukimbia kama anayepewa mpira mkononi. Jefferson hupata yadi zake nyingi kabla ya mpira kufika. Akishadaka ni mjanja, lakini mguso wa kwanza humwangusha mara nyingi zaidi.

Usichanganye yadi baada ya kudaka na ujuzi wa kukimbia. Kama alidaka akiwa peke yake uwanja mtupu, yadi hizo ni za kocha.

## Hatua ya 9: Mpira usipokwenda kwake

Hata Jefferson wa 2022, aliyelengwa mara 184 kwa msimu, hakulengwa kwenye mikupuo mingi kuliko aliyolengwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake haimo kwenye takwimu yoyote uliyoandika hatua ya 2.

Hesabu mikupuo ambayo beki wa nyuma ameegemea upande wake, yaani watu wawili kwa mmoja. Kisha tazama nani amebaki huru upande wa pili. Kwa Bengals mara nyingi ni Tee Higgins. Na kwenye ile mechi ya Desemba 2023 Higgins ndiye aliyejinyoosha akaufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho kusawazisha. Kwa Vikings wa 2024 ni Jordan Addison. Ukimwona mwenza akidaka peke yake, andika jina la aliyevuta mabeki, si la aliyedaka.

Ongeza jinsi anavyowazuia mabeki pale wenzake wanapokimbia na mpira. Alama moja tu, alijitahidi au hakujitahidi. Sehemu hii si tamu, na haichukui muda.

## Hatua ya 10: Toa hukumu, kisha mpe mwingine daftari

Rudi kwenye swali la hatua ya 1 na ulijibu hilo tu. Hukumu nzuri ina sharti ndani yake. Yangu ni hii: dauni ya tatu na yadi 8, namchukua Jefferson, kwa sababu ya safu ya njia. Dauni ya kwanza katikati ya uwanja, nikitaka pasi fupi inayoweza kuishia eneo la mwisho, namchukua Chase, kwa sababu ya safu ya baada ya kudaka. Kwenye yadi tano za kwanza na kwenye mikono walitoka sare kwangu.

Hukumu yako ikiwa haina "kwa sababu ya safu fulani", hujamaliza. Ikiwa mmoja ameshinda safu zote, rudia mechi mbili. Pengine ulikuwa unashangilia.

Mwisho mtafute mtu mwingine, mpe mikupuo 20 uliyokwisha kuipima, umfiche alama zako, naye atoe zake. Mkitofautiana kwenye zaidi ya mitano, maana zenu za 2, 1 na 0 hazijakaa sawa. Mimi nilifanya hivyo na shemeji yangu, tukatofautiana kwenye saba, na yote saba ilikuwa ya hatua ya 5: kila bega lilipoguswa yeye alikuwa akitoa 1, mimi nikitoa 2 mradi mwendo haujapungua. Tuliandika maana upya juu ya ukurasa, tukaanza tena kutoka mkupuo wa kwanza.